Mama Anaelewa, Ila Amekaa Mbali

"Njoo unisomee hapa." Kama umekulia London na wazazi waliotoka Mombasa, Unguja, Dar, Bukavu au Barawa, sentensi hii unaijua. Ulianza kuisikia ukiwa na miaka minane au tisa, mama ameshika barua ya halmashauri, na wewe ukageuka mkalimani wa nyumba kabla hujamaliza shule ya msingi. Kwenye kipindi chetu tumeizungumzia sana kazi hiyo, uzito wake na raha zake. Leo nataka kuzungumzia kitu kinachofanana nayo, ambacho naona tunakichanganya nayo kila siku.

Sentensi bado inasemwa, ila barua zimepungua. Siku hizi inasemwa juu ya skrini: TV ya sebuleni, skrini ya mapokezi hospitalini, ubao wa treni, slaidi kwenye ukumbi wa harusi. Na sisi kwa mazoea tunakimbilia jibu lile lile la zamani: Kiingereza kimemshinda. Tukiona hilo halitoshi, tunaongeza la pili: uzee.

Mimi nasema mara nyingi shida ni umbali. Maandishi yamepangwa kwa mtu aliye karibu, na mzee wetu amekaa mbali. Na tukiita shida ya umbali kwa jina la lugha, tunampa dawa isiyo yake.

Chukua chumba cha kusubiri kwa GP. Ukutani kuna skrini. Jina la mgonjwa linatokea pamoja na namba ya chumba, kengele inalia, sekunde chache zinapita, jina linaondoka na tangazo la chanjo ya mafua linarudi. Katika kliniki moja ninayoijua kusini mwa London, viti vyenye mikono, vile anavyoweza kuinukia mtu mwenye magoti mabovu, vimepangwa ukuta wa nyuma, mbali kabisa na skrini. Shangazi yangu alikaa pale mpaka zamu yake ikapita. Alipokwenda kuuliza, akaulizwa kwa upole kabisa kama angependa kuletewa mkalimani.

Jamani, kilichoandikwa pale kilikuwa jina lake! Jina analoliandika tangu anasoma Tanga, na tarakimu moja mbele yake. Hapo kuna Kiingereza gani cha kumshinda mtu?

Hesabu ndogo tu

Habari ya herufi na umbali si mpya. Mwaka 1862 daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, alitoa ule ubao wa herufi ambao wengi wetu tumeuona kwa wapima macho. Msingi wake ni kwamba ukubwa wa herufi peke yake hauna maana mpaka useme inatazamwa kutoka wapi. Mtu mwenye macho ya kawaida, akisimama mita 6, anapaswa kuitambua herufi yenye kimo cha karibu milimita 9. Akisimama mita 3, inatosha nusu yake. Umbali ukizidi mara mbili, herufi nayo izidi mara mbili.

Lakini hicho ni kipimo cha mwisho wa uwezo, pale unapokaza macho kwenye kiti cha daktari. Kusoma kwa raha kunataka zaidi. Hebu tazama simu yako: unaishika kama sentimita 35 kutoka usoni, na herufi zake zina kimo cha kama milimita 2. Sasa kaa kwenye sofa, mita tatu na nusu kutoka kwenye TV. Umekwenda mbali mara kumi. Ili usome kwa raha ile ile, herufi ya TV inatakiwa iwe na milimita 20. Ukienda kwenye ukumbi, ukakaa mita kumi na nusu kutoka kwenye projekta, inatakiwa iwe na sentimita 6. Kwa kifupi, kila mita moja inadai kama milimita 6 za kimo. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji.

Sasa angalia tunachofanya nyumbani. Kuna msiba Mombasa, ndugu wametuma ratiba na picha kwenye kikundi cha familia, na kijana mmoja mwenye nia njema anairusha simu yake kwenye TV ili wazee wote waone. Simu imesimama wima, ina urefu wa kama sentimita 15. TV ya inchi 43 ina kimo cha kama sentimita 53. Yaani maandishi yamekuzwa mara tatu na nusu, huku wazee wamekaa mbali mara kumi. Ni sawasawa na kuishika simu mita moja kutoka usoni kwa bibi na kumwambia, "Haya bibi, soma." Halafu bibi akinyamaza, tunasema teknolojia inamsumbua.

Waliotengeneza kanuni za wavuti walilijua jambo hili. Pikseli inayotumika kupangia kurasa za intaneti imeelezwa na shirika la W3C kwa pembe ya jicho: ni kitone kama kinavyoonekana kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, inchi 28, au sentimita 71. Kwa umbali huo kitone kina milimita 0.26. Maelezo yao wenyewe yanasema kwa mtu aliye mita 3.5 kitone kile kile kinapaswa kuwa na milimita 1.3. Kwa hiyo wazo la skrini kujirekebisha kulingana na mtazamaji lipo kwenye vitabu zamani. Tatizo ni kwamba TV yako haijui sofa lako liko wapi, na hakuna aliyeiambia.

London inajua, ikitaka

Mji huu huu una historia nzuri ya kulifikiria jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali ilimpa Jock Kinneir kazi ya kutengeneza vibao vya barabara mpya za mwendo kasi, akashirikiana na Margaret Calvert, mzaliwa wa Durban. Walipokuwa wanajaribu vibao vyao waliviegemeza kwenye miti ya Hyde Park na kuvitazama kutoka mbali, waone vinasomeka vipi. Vibao vya kwanza viliwekwa kwenye barabara ya kuzunguka Preston, iliyofunguliwa mwaka 1958. Kazi yao ikaenea baadaye nchi nzima, na ndiyo hii tunayoiona mpaka leo.

Nenda katazame kibao kimoja. Jina la mji linaanza na herufi kubwa na kuendelea kwa herufi ndogo, kwa kuwa wabunifu wake waliamini umbo la neno zima linatambulika kwa mbali kuliko safu ya herufi kubwa tupu. Na maneno ni machache. Dereva aliye mbali anahitaji kujua kitu kimoja au viwili, basi. Hapo ndipo naona wengi wanakosea wanapozungumzia "kukuza maandishi". Ukikuza kila kitu, hakitoshei. Umbali unakulazimisha kuchagua: aliye karibu mpe maelezo, aliye mbali mpe jambo lenyewe.

Hata TV ya zamani ilikuwa na adabu hiyo. Wanaokumbuka Ceefax ya BBC, iliyoanza mwaka 1974 na kuzimwa mwaka 2012, wanakumbuka kurasa zake nyeusi zenye mistari 24, kila mstari herufi 40 tu. Na rimoti nyingi zilikuwa na kitufe: ukibonyeza, nusu ya ukurasa inakuzwa ijae skrini, ukibonyeza tena unapata nusu ya pili. Baba hakuhitaji kumwita mtu. Leo TV ina mamilioni ya vitone zaidi, na kukuza maandishi kumezikwa ndani ya menyu ya nne, iliyoandikwa kwa herufi zile zile asizoziona.

London pia inajua kusahau. Wanaopanda treni Euston kwenda Birmingham au Manchester wanaukumbuka ubao mkubwa uliokuwa juu, ulioonekana kutoka karibu kila pembe ya ukumbi. Ukaondolewa, zikaja skrini ndogo zaidi katikati ya ukumbi, na mahali pa ubao ule pakawekwa skrini kubwa ya matangazo ya biashara. Fikiria: tangazo linasomeka kutoka mlangoni, ila treni yako mpaka usogee. Watu wakasogea, wakasongamana, kisha jukwaa likitangazwa wote wanakimbia kwa pamoja. Baada ya malalamiko mengi, Oktoba 2024 Network Rail ikaizima ile skrini ya matangazo. Kijana anaweza kupenya na kukimbia. Mama mwenye begi la magurudumu na mjukuu mkononi hawezi. Umbali wa kusoma ukipangwa vibaya, anayelipa ni yule asiyeweza kusogea.

Yule msimulizi wa banda la video

Kuna mtu ambaye kwetu Afrika Mashariki alilitatua tatizo hili bila kugusa skrini. Nazungumzia wasimulizi wa filamu: Lufufu kule Tanzania, DJ Afro kule Kenya, na maveejay wa Uganda. Filamu ni ya Hong Kong au ya Hollywood, TV ndogo, banda limejaa, na sauti ya msimulizi inaeleza yote kwa lugha ya watu, tena na mbwembwe zake.

Najua, kazi yao ilitokana kwanza na lugha. Lakini angalia na faida ya pili. Hata kama maandishi ya chini ya filamu yangekuwa ya Kiswahili fasaha, aliyekaa benchi la mwisho asingeyaona. Sauti ya msimulizi ilimfikia wa mbele na wa nyuma kwa usawa. Ndiyo maana nayapenda mabasi ya London yanayotaja kituo kwa sauti huku yakikiandika kwenye skrini. Abiria hapimwi amekaa siti gani.

Mtaniambia

Wa kwanza ataniambia: si asogee mbele tu? Kwa shangazi yangu nimeshajibu, kiti kilikuwa kule nyuma. Kwa shughuli zetu nina jibu jingine. Angalia nani anakaa nyuma kwenye harusi au hitima zetu. Mara nyingi ni kina mama waliokuwa jikoni tangu alfajiri, wanaoingia wa mwisho, viti vya mbele vimeshajaa wageni rasmi. Halafu mwenye slaidi anaonyesha aya nzima kwa herufi za kitabu na kuuliza, "Wote mnaona?" Wa mbele wanaitikia. Tuseme kweli, ukimwambia mtu asogee wakati nafasi haipo, umemwambia atoke.

Wa pili ataniambia: huyo anahitaji miwani. Huenda. Tena nenda naye akapimwe, kwani hapa Uingereza NHS inalipia kipimo cha macho kwa mwenye miaka 60 na zaidi, na kwa mwenye kisukari wa umri wowote, na kwetu kisukari si kigeni. Lakini miwani nayo ina umbali wake. Baada ya miaka 40 hivi jicho linapoteza uwezo wa kubadilisha lenzi yake kwa karibu na mbali. Miwani ya kusomea Qurani au Biblia imepimwa kwa kitu kilicho mikononi. Ukimvalisha hiyo akiangalia TV, ataona ukungu. Mwenye miwani nzuri kabisa bado anahitaji herufi inayolingana na kiti chake.

Wa tatu, na huyu ni wa rika langu, ataniambia: subiri, simu na TV zitajirekebisha zenyewe, zina kamera. Tayari zinapima. Tangu iOS 17 ya mwaka 2023, iPhone inaweza kutambua kuwa umeishika chini ya sentimita 30 kutoka usoni kwa muda mrefu, ikakuonya usogeze mbali. Ni jambo jema kwa macho ya watoto. Ila ona ni nani aliyeagizwa kubadilika: mtu ndiye anayeambiwa asogee, maandishi yamekaa palepale. Mzee anayeisogeza simu karibu huenda anafanya hivyo kwa sababu herufi ni ndogo! Na sitaki kamera sebuleni kwa mama, inayomwangalia kutwa ili kujua amekaa wapi. TV inayowashwa mara ya kwanza inauliza lugha, nchi, nywila ya intaneti, na kama unakubali masharti ya kurasa arobaini. Ikiongeza swali moja, "Unakaa umbali gani?", itapungukiwa nini?

Kwa nini hili linanisumbua

Linanisumbua kwa sababu ya siri. Mama asiyeweza kusoma skrini ya kliniki hawezi kwenda kliniki peke yake. Basi anasubiri siku yangu ya mapumziko, na ugonjwa nao unasubiri. Nikifika pale, najua idara aliyoitwa. Nikimsomea ujumbe, najua majibu yake. Kuna mambo mama hakupanga kumwambia mwanawe, na ana haki hiyo. Sisi tuliokuwa wakalimani utotoni tunajua vizuri mambo tuliyoyasikia mapema kuliko umri wetu. Lugha ilikuwa sababu ya kweli wakati ule. Lakini kama mama sasa anakijua Kiingereza cha kumtosha, kama amefanya kazi hapa miaka thelathini na anabishana na dereva wa basi bila msaada wa mtu, kumfanya tena awe tegemezi kwa sababu ya kimo cha herufi ni dhuluma ndogo inayorudiwa kila wiki.

Na kuna heshima. Ukishamweka mtu kwenye fungu la "haelewi", unaanza kumwelezea kila kitu, kwa sauti ya juu, polepole, kama mtoto. Nimeona wazee wakiacha kuuliza kabisa kwa kuogopa sauti hiyo.

Tufanye nini

Yapo tunayoweza kuanza nayo wiki hii.

Nyumbani, chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka kiti cha mzee mpaka TV. Zidisha mita kwa 6, upate milimita. Nenda kwenye skrini na rula upime maandishi ya chini ya filamu. Kama hayafiki, Netflix na YouTube zote zina mpangilio wa kuyakuza. Yakuze ukiwa umekaa kwenye kiti chake, usiyakuze ukiwa umesimama mbele ya TV.

Ukirusha simu kwenye TV, kwanza ilaze. Kwenye TV ile ile ya inchi 43, simu iliyolala inakuzwa zaidi ya mara sita, badala ya tatu na nusu. Kisha ongeza ukubwa wa maandishi kwenye simu yenyewe. Na kama ni ratiba ya mazishi, isome kwa sauti hata hivyo.

Kwenye shughuli, anayetengeneza slaidi atume mtu akakae kiti cha mwisho kabla wageni hawajaingia. Asichokiona kutoka pale kipunguzwe maneno. Na zile kadi zetu zenye herufi kubwa tupu, maua pande nne na namba sita za simu, zinafaa mkononi. Kwenye ukuta weka jina, saa na mahali.

Kwa GP na hospitalini, mjue kuna kanuni. Tangu Agosti 2016 watoa huduma wa NHS wanatakiwa kufuata utaratibu wa kitaifa wa taarifa zinazofikika: mgonjwa mwenye ulemavu au upungufu wa kuona au kusikia aulizwe anahitaji kupewa taarifa kwa njia gani, iandikwe kwenye faili lake, na itekelezwe. Kama mzee wako haoni vizuri, nenda naye mapokezi, aseme mwenyewe: "Niiteni kwa sauti, skrini siioni kutoka pale." Waiandike. Na kwa ambaye macho yake ni ya kawaida ila viti ndivyo viko mbali, peleka lalamiko la viti na skrini. Wakikujibu kwa kukupa mkalimani, mshukuru, kisha urudie swali.

Kwenye kipindi kijacho tutasoma vipimo vyenu: umbali wa kiti, kimo cha herufi, na mlichobadilisha. Lakini kabla hujatutumia, muulize mzee wako swali ambalo pengine hakuna aliyewahi kumuuliza: "Mama, kutoka hapo ulipokaa, unaona nini?" Kaa kwenye kiti chake baada ya yeye kujibu, uone kama na wewe unaweza kusoma.